Msaada wadau: boti yangu ya tanga ipo Ugiriki, mie nisharudi Unguja. Usajili na bima nafanyaje?

KijanaMkunazini (mwenye uzi)

Asalam aleikum wadau wa bahari, na msiokuwa wa bahari karibuni pia maana najua mtanicheka kwanza ndio mnisaidie.

Kisa changu hichi. Nimekaa Uingereza miaka 14, Southampton, na kule ndio nikaambukizwa maradhi ya matanga. 2021 nikanunua boti kuukuu kwa mzee mmoja wa Kiingereza aliekuwa kashachoka nayo, Westerly Konsort, futi 29, ya faiba, enjini ndogo ya dizeli, chini ina mikuku miwili, maji yakikupwa inakaa wima wenyewe kama kuku anaeatamia. Tangu niinunue haijawahi kuona Uingereza, ipo Preveza kule Ugiriki upande wa bahari ya Ionia, kipindi cha baridi inalala yadi juu ya magogo, mie nakwenda wiki tatu kila mwaka naishusha, natembea visiwani, naipandisha narudi kazini. Usajili wake ni ule wa Kiingereza wa vyombo vidogo, SSR. Bima ya kampuni ya huko huko.

Sasa mwaka jana mama kaugua nikarudi nyumbani moja kwa moja. Paspoti yangu ni ya Tanzania, sikuwahi kuibadilisha. SSR inakwisha mwezi wa sita, barua ya bima imekuja na fomu inauliza unaishi nchi gani, na yadi wanataka karatasi zote mbili kabla hawajaipeleka boti majini. Kaka yangu yupo Leicester, ananambia tia anwani yangu bwana nani atakuja kugonga mlango kukutafuta. Nimeikodolea macho ile fomu siku tatu. Nitie?

PwezaForodhani

Wenzio tunatafuta pesa ya kuziba ngalawa weye unatuletea habari za Ugiriki 😂😂 haya ngoja nikae hapa na urojo wangu nisome.

MpembaWete

Mie nauliza kwa nia njema usinifahamu vibaya. Mashua yangu ipo hapa Wete mwaka wa tisa, ina namba yake ubavuni, ina leseni, bima yake dua ya mama na kutotoka kusi likichachamaa. Boti ya kutembelea tu wiki tatu ina haja gani ya bima? Si uiache tu mpaka uende?

KijanaMkunazini

@MpembaWete ningekuwa nimeifunga Mkoani ningekwambia umesema kweli. Kule bila karatasi ya bima yadi hawakupokei na polisi wa bandari hawakupi ruhusa. Sheria yao ya 2014 inataka boti ya starehe iwe na bima ya kulipa watu wengine: euro 500,000 kwa kifo au kuumiza mtu, 150,000 kwa mali za watu, 150,000 nyengine kwa kuchafua bahari. Na cheti wanakitaka kwa Kigiriki, ukiwapa cha Kiingereza afande anakitazama kama vile umempa risiti ya soko la Darajani.

DalaliBima

Mwenye uzi, nipo kwenye kazi hii ya bima Dar mwaka wa kumi na moja, zaidi magari na mizigo ya meli lakini mambo ni yale yale. Kaa vizuri.

Hapo zipo bima mbili ndani ya karatasi moja. Ipo bima ndogo, hiyo ya kulipa watu wengine kama thadi pati ya gari, ambayo ndio Wagiriki wanaitaka. Na ipo bima kubwa, ya chombo chenyewe, kuzama, kuungua, kuibiwa enjini, mlingoti kukatika. Boti ya zamani watu wengi wanaona wachukue ndogo tu kwa sababu kubwa wanaidai ripoti ya saveya, yaani mkaguzi wa vyombo, kila baada ya miaka kadhaa, na saveya akija anakugongea chombo chote na kinyundo chake halafu anakuandikia kurasa kumi na tano za maradhi ambayo ulikuwa huyajui.

Sasa suala la anwani. Usitie. Sikwambii kwa sababu ya dini, ingawa na hilo lipo, nakwambia kwa hesabu. Uingereza wana sheria ya 2012 ya mtu binafsi anaponunua bima, inasema ukiulizwa swali ujibu kwa uangalifu usipotoshe. Ukipotosha kwa uzembe, na lau wangejua ukweli wangekuuzia bado ila kwa bei kubwa zaidi, hawakufukuzi, wanakukata. Mfano ulilipa paundi 400 na lau wangejua ukweli wangekutoza 600, basi umelipa theluthi mbili, na ukipata hasara ya 9,000 wanakulipa 6,000. Lakini ukipotosha kwa makusudi wanaufuta mkataba mzima, hawalipi hata senti, na kwa kawaida pesa ya bima uliyolipa wanabaki nayo. Na weye umeshaandika hapa hadharani kuwa umeifikiria siku tatu, uzembe haupo tena hapo yakhe.

PwezaForodhani

Futa uzi haraka 😂

KijanaMkunazini

DalaliBima ahsante lakini kuna jambo sijalielewa. Boti ni ile ile. Bahari ile ile, yadi ile ile, nahodha mimi yule yule, wiki tatu zile zile. Kilichobadilika ni kitanda ninacholala mie. Kwa nini kitanda changu kiwe na thamani kwenye bima ya boti iliyo Preveza?

DalaliBima

Kwa sababu kampuni ina leseni ya kuuza kwa watu wa nchi fulani na si nyengine. Wao hawauzi bima kwa boti, boti haina akaunti benki. Wanauza kwa mtu anaeishi mahali. Kama hawana ruhusa ya kuuza kwa mkaazi wa Tanzania basi hawana, hata uwe nahodha mzuri kuliko samaki.

BintiMalindi

Nimekuwa nasoma kimya lakini hapa ntasema maana yalinikuta mie na mume wangu.

Sie tulikuwa na boti Ureno, Algarve, futi 31. Tulipoinunua tulikuwa tunaishi Uingereza, tukahamia Maskati kwa kazi ya mume wangu, na hatukuwaambia bima. Si kwa ubaya, tulisahau, malipo yalikuwa yanakatwa benki kila mwaka na emaili inakuja ile ile ikisema kama hakuna mabadiliko usifanye kitu. Basi hatukufanya kitu. Miaka mitatu.

Kisha usiku mmoja wa Februari upepo ukaipindua boti juu ya vigingi vyake yadi. Nilitumiwa picha alfajiri, imelala ubavu, mlingoti umeilalia boti ya jirani kama mtu aliezimia begani mwa mwenzake, na nguzo moja ya chuma imeingia ndani kupitia ubavuni mpaka pale tulipokuwa tunaweka sufuria. Nikasema alhamdulillah tuna bima kubwa.

Fomu tukajaza. Wiki ya kwanza wazuri, pole nyingi. Wiki ya tatu ikaja emaili fupi: tunaomba bili ya umeme ya anwani yenu ya Uingereza, miezi mitatu ya mwisho. Hapo mume wangu alikaa kitako. Bili ya umeme tulikuwa nayo ya Maskati. Tukasema ukweli. Wakasema ni uzembe si makusudi, wakakata, tukalipwa chini ya nusu. Jirani alilipwa ya kwake yote, hilo nashukuru. Yetu tuliiuza kama ilivyo kwa fundi wa pale kwa bei ya enjini.

Kwa hiyo kaka yangu, anaekwambia nani atakuja kugonga mlango, mwambie hawaji kugonga mlango. Wanasubiri weye uwagongee.

MpembaWete

Lahaula. Chini ya nusu.

NahodhaKusi

Mmeshughulika sana na bima, mimi naona tatizo lipo kabla ya bima, lipo kwenye bendera, na bima inafuata huko.

Mwenye uzi, SSR ni daftari la watu WANAOISHI Uingereza. Ilikukubali na paspoti yako ya Tanzania kwa sababu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wamo, sharti uwe mkaazi, siku 185 kwa mwaka. Umeondoka mwaka jana. Basi hicho cheti chako tarehe yake ni ya mwezi wa sita lakini roho yake ilishatoka ulipopanda ndege. Hii ya kukaa kwa kaka kwa karatasi ni kudanganya serikali juu ya kudanganya kampuni.

Halafu watu wanaidhania SSR ni kama kadi ya gari. Siyo. Haisemi boti ni ya nani, inasema tu chombo hichi kina haki ya kupeperusha bendera ya Uingereza, paundi 35 kwa miaka mitano, herufi ziwe na urefu usiopungua milimita 30 nje ya chombo, basi. Cha kuthibitisha mali ni hati ya mauziano. Unayo ile ya mzee?

KijanaMkunazini

Ninayo, ya asili, kaiandika mezani kwenye boti yenyewe kwa peni ya buluu na ina doa la chai. Na ya yeye kununua 1998, na barua ya waliounda. Herufi za SSR nyuma zishabanduka, msimu uliopita namba 7 ilining'inia kwa utepe mweusi wa umeme 🙈

NahodhaKusi

Hati hizo zitie kwenye mfuko wa nailoni na nakala zipeleke kwa mama. Zina thamani kuliko enjini.

Sasa bendera. Chombo kinafuata bendera moja tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari, ule wa 1982, unasema meli inayotumia bendera mbili kwa kuchagua inayoifaa siku hiyo inahesabiwa haina uraia wowote. Kwa hiyo usifikirie kuwa na ya Uingereza na ya kwetu kabatini. Ukitaka ya kwetu, ya zamani inafutwa kwanza, unapewa cheti cha kufutwa, ndio unaandikishwa upya.

Kwetu yapo madaftari mawili, watu wa bara wanakwenda TASAC, na sie tuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA, iliyoundwa kwa sheria ya 2009, na sheria yetu wenyewe ya usafiri wa baharini ya 2006. Bendera nyuma ya chombo ni moja, ya Jamhuri ya Muungano.

PwezaForodhani

Kwa hiyo ile ya Zanzibar ya 2005 hawezi kuipeperusha?

NahodhaKusi

Nyumbani kwake juu ya paa apepeshe. Nyuma ya boti Ugiriki ataulizwa hii nchi gani na jawabu litachukua mchana kutwa.

MzeeMajahazi

Vijana mnazungumza bendera ya kukodi kama vile ni jambo jipya. Bahari hii imeshalijua. Majahazi ya Sur ya Omani yaliyokuwa yakija huku kwa kaskazi, mengi yalichukua bendera ya Ufaransa, nahodha Mwarabu, mabaharia Waswahili, mzigo tende, na nyuma inapepea ya Mfaransa, kwa sababu manowari za Kiingereza zilikuwa haziwezi kulipekua jahazi la Mfaransa kutafuta watumwa. Waingereza wakakasirika, wakapelekana mahakama ya usuluhishi The Hague, hukumu ikatoka Agosti 1905. Mahakama ikasema tangu mwanzo wa 1892 Ufaransa haina ruhusa ya kumpa bendera raia wa Sultani wa Maskati isipokuwa wale waliokuwa chini ya himaya yake toka kabla ya 1863. Na wakaongeza jambo ambalo mwenye uzi alisikilize: haki ile haihamishwi kwa mtu mwengine wala kwa jahazi jengine, hata kama mwenye majahazi yote mawili ni yule yule.

Ndio anwani ya kaka yako hiyo.

KijanaMkunazini

Mzee umenimaliza. Shikamoo.

MzeeMajahazi

Marahaba. Boti ina foromali, ule mti wa kufungia tanga juu?

KijanaMkunazini

Hapana mzee, tanga la pembe tatu, mlingoti wa aluminiamu, tanga la mbele linajikunja kwenye waya wake kama mkeka.

MzeeMajahazi

Hivyo kweli ni boti ya wiki tatu.

WakalaPireas

Salaam, mie Mzanzibari nipo Ugiriki, meli za mizigo, si boti za starehe. Kuhusu bendera ya Tanzania huku naomba niwe mkweli. Haikatazwi. Lakini ina historia. 2012 matangi ya mafuta ya Iran 36 yalionekana yamepewa bendera yetu, serikali ikabidi iyafute. Kisha Januari 2018 walinzi wa pwani wa hapa waliikamata meli Andromeda, bendera ya Tanzania, imebeba vitu vya kuripulia ikielekea Libya. Mwezi ule ule Magufuli akasimamisha kusajili meli za kigeni na akaamuru meli zaidi ya 400 zichunguzwe. Afisa wa bandari hapa akiona bendera hiyo nyuma ya boti ya futi 29 hatakufunga, atakutakia asubuhi njema na atakuomba karatasi zote ulizonazo, na kesho yake mwengine atakuomba tena. Mie nisingependa likizo ya namna hiyo.

Jambo jengine ambalo hakuna aliyeligusa: kastamu. Boti isiyo ya Ulaya na mwenyewe haishi Ulaya inapewa miezi 18 kwenye maji ya Umoja wa Ulaya bila VAT, na hapa VAT ni 24%. Miezi hiyo haisimami yenyewe kwa sababu tu boti imelala yadi. Unafanyaje?

KijanaMkunazini

Kila mwaka naipeleka Sarandë, Albania, ipo ng'ambo tu ya Corfu. Nalala siku mbili nakula samaki, napigiwa muhuri, narudi Corfu nachukua Transit Log mpya, ile karatasi ya kastamu ya boti. Ya sasa imebakisha miezi saba.

WakalaPireas

Vizuri, basi hilo umelishika. Ila kumbuka Transit Log ina jina la mwenye chombo. Mwenyewe akibadilika lazima kastamu wajue, msije mkauziana kindugu kimyakimya mkadhani ni mambo ya nyumbani.

FundiRedioChake

Na redio msiisahau, watu wote wanaisahau. Namba ya MMSI iliyomo kwenye redio yake inaanza na tarakimu za nchi, za Uingereza 232 mpaka 235, za kwetu 674 na 677. Akibadilisha bendera ile namba inakufa, redio inatakiwa itiwe namba mpya, na zipo redio ukishatia namba mara moja haziguswi tena mpaka kwa fundi. Halafu kama ana kile kiboya cha kuomba msaada kupitia setilaiti, EPIRB, nacho kimeandikishwa Falmouth, Uingereza, kwa jina lake na simu zake za Southampton. Siku anazama wanampigia simu mwenye nyumba wake wa zamani.

KijanaMkunazini

Ninacho 😳 na kweli simu ya pili niliyoandika ni ya jirani yangu Mpolandi ambae alishahama.

FundiRedioChake

Hilo lifanye leo kabla ya kulala, ni bure na mtandaoni. Mengine yatangoja.

MpembaWete

Sasa mie nauliza kitu cha kijinga. Kwa nini asiilete nyumbani? Aje nayo mpaka Unguja aiandikishe ZMA, mashirika ya bima yapo, ZIC ipo toka 1969, yakaisha.

NahodhaKusi

Si cha kijinga, hata mie ndio kitu cha kwanza nilichofikiria. Lakini itazame njia. Suez kisha Bahari ya Shamu kisha Bab el Mandeb. Maharamia wa Kisomali walipopungua watu walianza kupumua, eneo la hatari la bahari ya Hindi lilifutwa Januari 2023, na kabla mwaka haujaisha Wahouthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli, Novemba ya mwaka ule ule. Bima yoyote ya kawaida utakayoisoma ina mstari unaosema vita haimo. Na mkumbuke wale wazee wawili wa Kiingereza, Paul na Rachel Chandler, 2009 walikuwa wanatoka Shelisheli wanakuja Tanzania kwa boti ya tanga kama hii kubwa kidogo, wakachukuliwa na maharamia, walikaa mikononi mwao zaidi ya mwaka. Njia ya pili ni kuzunguka Afrika nzima. Kwa futi 29. Na mama mgonjwa nyumbani.

Ipo njia ya tatu ya kuipakia juu ya meli. Bei yake utanunua boti mbili kama hiyo.

PwezaForodhani

Urojo umekwisha lakini uzi huu siondoki.

KijanaMkunazini

Nimewapigia simu bima leo, nimewaambia ukweli wote. Dada aliepokea mpole sana, akaniweka kwenye muziki dakika ishirini, akarudi akasema mkaazi wa Tanzania hawamchukui, lakini mpaka tarehe ya mkataba kuisha bima ndogo itabaki, kubwa wanaisimamisha leo, na ameniandikia kwa emaili. Nimeumia lakini nimelala usingizi.

Sasa kaka yangu kaja na wazo la pili, na hili nalileta kwenu. Anasema basi ainunue kweli. Si anwani, boti. Yeye ana paspoti ya Kiingereza na anaishi Leicester, ataiandikisha SSR kwa jina lake, bima kwa jina lake, mie niandikwe nahodha ninaeruhusiwa. Mnaonaje?

DalaliBima

Hilo linakwenda, kwa sharti iwe kweli kweli. Bima akiijaza yeye amtaje nahodha ni nani, anaishi wapi, ana uzoefu gani, na kwamba boti kwa mwaka mzima anaitumia huyo zaidi kuliko yeye. Akijiandika yeye ndie nahodha na hajui hata kufunga kamba, tumerudi pale pale kwa BintiMalindi. Watauliza pia umri wa nyaya za mlingoti. Za kwako zina miaka mingapi?

KijanaMkunazini

Mbele na nyuma nilibadilisha 2022. Za ubavuni za mzee. Saveya alipokuja wakati nanunua alipanda kwa winchi na kioo cha kukuzia, akashuka kaniambia neno moja tu: bado. Kisha akazunguka chini na kinyundo, ta ta ta ta mpaka nyuma ya mkuku wa kushoto ikajibu du. Akarudi akagonga tena. Du. Akachora duara kwa chaki na hilo duara lipo mpaka leo, kila mwaka nikipaka rangi ya chini nalizunguka kwa brashi, sijui kwa nini, naona haya kulifuta.

DalaliBima

Hilo duara nalo aliandike.

BintiMalindi

Mie nataka kuuliza swali ambalo wanaume hamtaliuliza. Kaka yako ana mke na watoto?

KijanaMkunazini

Ana mke na watoto wanne.

BintiMalindi

Basi jua ukimuuzia ni ya kwake. Mungu ampe umri mrefu, lakini ikitokea la kutokea boti inaingia kwenye mirathi, mke fungu lake, watoto mafungu yao, na weye mwenye kupaka rangi chini ya mikuku humo kwenye hesabu hata kidogo, maana kaka mwenye mtoto wa kiume ndugu harithi. Utaenda kumwambia shemeji yako kwamba ilikuwa ya karatasi tu?

MzeeMajahazi

Binti kasema. Nimeona jahazi limeoza ufukweni Mkokotoni miaka sita, ndugu hawaelewani nani alilitoa jina tu na nani alitoa pesa. Mwisho watu walichukua mbao kupikia.

NahodhaKusi

Kuna hili pia: hati ya mauziano ya Kiingereza chombo kinagaiwa hisa 64, utamaduni wao wa zamani. Mtu anaweza kuuza 33 akabaki na 31. Lakini kwa SSR wamiliki wote wanatakiwa wawe wakaazi, kwa hiyo usijidanganye na hisa 31 za siri. Aidha umeuza au hujauza.

KijanaMkunazini

Nimesoma yote. Jana usiku nilimpigia kaka, tukazungumza saa nzima na nusu, nusu ya kwanza boti nusu ya pili mama. Nimemwambia maneno ya BintiMalindi bila kumtaja. Akanyamaza. Halafu akasema, kwa hiyo unataka niwe na boti kweli, nilipe yadi kweli, na kila mwaka weye uende nayo? Nikamwambia ndio, ama uje nayo weye na wanao, nikufunze.

Akauliza yadi kiasi gani kwa mwaka. Nikamwambia. Akasema subiri nimwite shemeji yako.

PwezaForodhani

🤲

KijanaMkunazini

Update wadau, wiki mbili. Kainunua. Paundi 6,000, nusu kanipa nusu mpaka Septemba, hati imeandikwa hisa 64 zote, mashahidi wawili, mmoja mwalimu wa madrasa wa wanawe. Maombi ya SSR kayatuma, kastamu ya Preveza nimewaandikia kuhusu Transit Log wamejibu tuje sote wawili na hati ya asili. Bima kaipata kwa kampuni nyengine, mie nimetajwa nahodha mkaazi wa Zanzibar kwa jina, kwa nchi, kwa kila kitu, bima ndogo tu mwaka huu mpaka saveya aje.

Tunashuka mwezi wa saba, yeye na vijana wake wawili wakubwa. Kanitumia ujumbe leo wotsap anauliza mbona kuna duara la chaki chini na je anaweza kulifuta.

MzeeMajahazi

Umemjibuje?

KijanaMkunazini

Nimemwambia boti ni yako, bwana.